Pori Lisilo na Seng'enge: Nani Alichagua Rufiji?



Mhariri alipotuandikia kuomba makala kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, mezani pangu palikuwa na barua ambayo nilikuwa sijaijibu kwa muda wa majuma matatu. Mwandishi wake ni mmoja wetu, tuliyekaa naye bweni moja, ambaye sasa anafanya kazi ng'ambo. Bwana mkubwa wake kazini ni mwindaji. Amekwisha kuwinda mara mbili Afrika ya Kusini katika mashamba yaliyozungushiwa seng'enge, na moyo wake haukuridhika. Sasa anataka kuwinda wanyama wa mbugani, yaani nyumbu, kongoni, pundamilia, pofu na swala, mahali ambapo mnyama akitaka kwenda zake hakuna waya wa kumzuia. Mwenzetu akaniuliza kwa ufupi: "Wewe ni mtu wa Serikali, tena ni mtu wa Rufiji. Achague wapi?"

Nilidhani nitamjibu kwa ukurasa mmoja. Nilipokaa kuandika niliona kwamba swali hili si la leo. Kwa zaidi ya miaka 120 watu wa mbali wamekuwa wakitandaza ramani ya nchi yetu na kuulizana wachague wapi, na mara nyingi kidole kimeangukia Rufiji. Kila kilipoangukia, yuko mtu wa hapa aliyelazimika kuhama, au kuacha kuwinda, au kukesha. Kwa hiyo nimeona jibu langu nilitoe hapa mbele yenu nyote. Wengi wetu tulilala salama mabwenini Kibiti tukijiandaa kwa mitihani, huku wazazi wetu wakikesha madunguni bondeni ili ada ya shule ipatikane.

Maana ya kutokuwa na uzio

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Huko Afrika ya Kusini, sheria ya mwaka 1991 ilimpa mwenye shamba lililozungushiwa uzio wa kutosha umiliki wa wanyama waliomo ndani, hata wakitoroka. Kwa hiyo pofu wa shamba hilo ni mali ya mtu, kama ng'ombe. Huuzwa, husafirishwa kwa lori, na mwindaji hulipa kwa mwenye shamba. Kwetu sivyo. Kwa sheria ya mwaka 1974, na kisha ile ya mwaka 2009, mnyama wa porini ni mali ya umma chini ya Serikali, awe katikati ya hifadhi au katikati ya shamba la mpunga. Mapori yetu ya akiba hayana uzio. Mgeni hachagui shamba la mtu, bali huchagua kampuni iliyopewa kitalu, na kitalu mipaka yake ni mto, kilima, au mstari uliochorwa katika ramani ambao nyumbu hajapata kuusoma.

Nchi zenye nyika ya namna hiyo zilizoruhusu uwindaji zimekuwa zikipungua na kuongezeka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Botswana ilifunga mwaka 2014 ikafungua tena mwaka 2019. Hapa kwetu mgeni amekuwa na mahali pengi pa kuchagua: nchi ya Wamasai upande wa Loliondo na Ziwa Natron, Maswa pembeni mwa Serengeti, Rungwa, Ugalla, Moyowosi yenye vinamasi, na lile pori kubwa kupita yote lililopewa jina la Selous, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 50,000.

Mgeni asidanganyike na ramani kwa kuona jina la Rufiji limeandikwa hadi pwani. Katika delta hakuna mbuga. Kuna mikoko, matope, kiboko na mamba, na wenyeji wake husafiri kwa mtumbwi. Kibiti yenyewe ni mji wa njia panda, wenye mikorosho na mabasi ya Kusini. Nyika huanza ukielekea magharibi, mto unakotokea. Na hata huko mto unagawa wanyama. Twiga utamwona kaskazini ya Rufiji tu, kusini hayuko. Kusini ni nchi ya miombo, makao ya palahala na kongoni. Haya ndiyo mambo ambayo mwenzetu alitaka nimwambie, na ni ya kweli. Lakini ni nusu ya jibu.

Kidole cha Mjerumani

Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kuhifadhi wanyama katika koloni la Wajerumani. Amri hiyo ilitaka mwindaji awe na leseni, na ilianzisha mapori ya akiba ya kwanza, mojawapo likiwa upande wa Rufiji. Sababu yake si ya kubeza. Biashara ya meno ya tembo iliyopitia Kilwa na Bagamoyo ilikuwa imewamaliza tembo katika sehemu nyingi. Lakini tazama jinsi amri ilivyomwangukia kila mtu. Leseni ina ada. Mwenye fedha akawa mwindaji, asiye na fedha akawa mwizi, ingawa wote wawili walimfuata mnyama yule yule katika njia ile ile. Tofauti hiyo iliyotengenezwa mwaka 1896 ndiyo tunayoitumia hadi leo tunaposema huyu ni mtalii na huyu ni jangili.

Wazee wetu waliliita pori lile "Shamba la Bibi", na mpaka leo huhadithiwa kwamba Kaisari wa Ujerumani alimzawadia mkewe. Hadithi hiyo haina ushahidi wa kutosha, lakini jina lenyewe ni ushahidi wa namna yake. Linaonyesha kwamba wananchi walielewa tangu mwanzo kuwa pale pamekuwa shamba la mtu, na kwamba mtu huyo si wao.

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Umatumbi, kusini kidogo ya bonde letu. Sote tulifundishwa habari za pamba ya kulazimishwa, na za Kinjeketile wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka huo. Jambo ambalo hatukufundishwa darasani ni habari ya nguruwe. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala aliyoitoa mwaka 1997 juu ya Uzaramo, alionyesha jinsi nguruwe mwitu walivyozidi kuharibu mashamba katika miaka ile, wakati wanaume walipochukuliwa kwa kazi za nguvu na uwindaji wa wenyeji ukabanwa. Mke aliyebaki peke yake hakuweza kulima mchana na kuamia usiku. Njaa iliingia kupitia tundu hilo.

Katika vita hivyo, Wajerumani walichoma vijiji na vyakula. Watu waliokufa, wengi wao kwa njaa, hukadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. John Iliffe, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameeleza jinsi sehemu kubwa ya nchi ya Kusini ilivyorudi kuwa pori, mbung'o na wanyama wakashika mahali pa watu. Kwa hiyo mgeni anaposema kwamba pori letu halijaguswa na mkono wa mwanadamu tangu kuumbwa kwa dunia, na amwulize kiongozi wake amwonyeshe miembe. Mwembe hauoti wenyewe katikati ya miombo. Palipo na mwembe palikuwa na mji.

Wawindaji wawili katika vita moja

Vita Kuu ya Kwanza ilileta Rufiji wawindaji wawili mashuhuri. Wa kwanza ni P. J. Pretorius, Kaburu mwinda tembo aliyeijua nchi ya Rufiji kwa kuizunguka, na ambaye alikuwa na chuki yake na Wajerumani. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Waingereza walimchukua Pretorius akapeleleza mikono ya mto, kina cha maji na majira ya kujaa na kupwa. Ujuzi wa kunyemelea tembo ukatumika kunyemelea meli. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg iliangamizwa.

Wa pili ni Frederick Courteney Selous, Mwingereza ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwindaji mwenye sifa kuliko wengi katika Afrika ya Kusini na ya Kati. Alikuja vitani akiwa mzee, akauawa kwa risasi pale Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akiwa na umri wa miaka 65. Akazikwa pale pale. Mwaka 1922 Waingereza walilipa pori jina lake. Simwonei choyo marehemu kwa jina hilo. Nasema tu kwamba katika vita hiyo hiyo wapagazi wetu walikufa kwa maelfu kwa njaa, homa na kuhara, wakiwa na mizigo ya mabwana wa pande zote mbili, na hakuna pori lililopewa jina la hata mmoja wao.

Bwana Nyama na kuhamishwa kwa watu

Mtu aliyelipa pori ukubwa wake ni C. J. P. Ionides, aliyeingia Idara ya Wanyama mwaka 1933 na kukaa Liwale miaka mingi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinda mashamba, yaani kuwaua au kuwafukuza tembo wanaokula vyakula vya watu. Akafikia wazo la kuwatenganisha kabisa: tembo wapewe nchi yao na watu yao. Katika miaka ya 1940 ugonjwa wa malale ulitolewa kama sababu ya kuwakusanya watu wa Liwale ya Magharibi na kuwahamishia penginepo. Malale yalikuwako kweli, na dawa ilikuwa ngumu kuwafikia watu waliotawanyika. Lakini ni kweli vile vile kwamba watu walipotoka, pori liliingia, na mpaka ukasogezwa mpaka walipokuwa wakiishi. Ionides alifariki mwaka 1968, akazikwa ndani ya pori alilolipanua.

Baada ya hapo, katika miaka ya 1960, pori liligawanywa kuwa vitalu zaidi ya 40 vya uwindaji, ili kila mgeni awinde peke yake na fedha zipatikane za kulitunza. Ndipo Rufiji ikawa jina linalotajwa na wawindaji wa Ulaya na Marekani: nchi pana, nyati wengi, hakuna uzio, na huoni gari la mwenzako siku 21.

Mambo hayakwenda moja kwa moja. Mwaka 1973 Serikali ilisimamisha uwindaji nchini kote. Mwaka 1974 likaanzishwa Shirika la Wanyamapori, TAWICO, na uwindaji ulipofunguliwa tena mwaka 1978 shirika hilo ndilo lililousimamia. Wakati huo huo bei ya meno ya tembo ilipanda duniani. Hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 1976 ilikuta tembo zaidi ya 100,000 katika Selous na mapori yanayopakana nayo. Mwaka 1986 walibaki kama 55,000, na mwaka 1989 kama 30,000 tu. Ikaja Operesheni Uhai mwaka 1989, na dunia ikapiga marufuku biashara ya pembe. Kuanzia mwaka 1994 nusu ya mapato ya pori iliachwa itumike pori lenyewe, na tembo wakaongezeka. Utaratibu huo ulipolegea, ujangili ulirudi kwa kishindo, na hesabu ya mwaka 2013 ikakuta tembo 13,084. Mwaka uliofuata UNESCO, iliyokuwa imeliandika pori katika Urithi wa Dunia mwaka 1982, ililiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Ninazitaja tarakimu hizi kwa sababu zina fundisho kwa anayechagua. Kitalu kisichokuwa na mwindaji halali wala askari mwenye posho hakibaki tupu. Huingia mwenye bunduki ya kivita. Mwindaji mwaminifu anayelipa ada yake amewahi kuwa ulinzi wa pori hili, na ningekuwa mwongo kama nisingelisema.

Uzio uliopo

Sasa niseme la upande wa pili, ambalo limenifanya nichelewe kuijibu barua.

Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya. Serikali ikaendesha Operesheni Rufiji, watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda katika vijiji vya nchi ya juu, kwenye barabara, shule na zahanati. Nia ilikuwa njema, na mimi mwenyewe ni tunda la shule hizo. Lakini mashamba hayakuhama. Udongo mzuri ulibaki bondeni, mahali pa mpunga na mazao ya mlao yanayopandwa maji yakipungua. Basi Mrufiji akawa na nyumba huku na shamba kule. Msimu wa kilimo ukifika huenda kukaa dunguni, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, miezi kadhaa, akipiga debe na kupiga kelele usiku kucha.

Nilipokuwa mtoto, likizo zangu nyingi zilikwisha katika dungu la mjomba wangu. Tuliamia nguruwe kwanza, tembo baadaye. Tembo huja mara chache, lakini nguruwe huja kila usiku. Na huku kwetu, kwa kuwa watu wengi ni Waislamu, nguruwe haliwi, hivyo hakuna amfuataye kwa ajili ya kitoweo, naye huzaliana kwa raha. Usiku mmoja tembo waliingia wakala robo tatu ya shamba. Asubuhi alikuja bwana nyama akaandika katika daftari. Mjomba akamwambia, "Bwana, mnyama ni wa Serikali, lakini mpunga ni wangu." Bwana nyama hakukasirika. Alifunga daftari, akakubali kikombe cha uji.

Kati ya mwezi wa Agosti 2002 na Aprili 2004, wakati mimi nikiwa Mlimani nikisoma, simba mmoja aliwaua watu wasiopungua 35 katika vijiji vya Rufiji vilivyo upande wa mashariki wa pori. Wananchi walimwita Osama. Alipouawa alionekana ana jipu kubwa chini ya jino. Magazeti ya nje yaliandika habari za jino. Lakini mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, baadhi yao Watanzania, walichapisha uchunguzi wa nchi nzima: tangu 1990 simba walikuwa wamewaua watu zaidi ya 560 Tanzania, hasa katika mikoa ya Kusini na Pwani. Nao waligundua kwamba mahali penye mashambulio mengi ndipo penye nguruwe mwitu wengi. Mkulima hulala shambani kwa sababu ya nguruwe, na simba hufika shambani kwa sababu ya nguruwe, na hapo wawili hao hukutana. Ndugu zangu, ni nguruwe yule yule wa mwaka 1905.

Kwa hiyo mtu anaposema kwamba pori letu halina uzio, kwa maneno tu ni sawa. Kwa hakika uzio upo. Uzio ni madungu. Uzio ni wale wazee, akina mama na watoto waliolala juu ya miti minne kwa mstari wa makumi ya maili, wakipiga debe ili mnyama arudi upande wake. Afrika ya Kusini mwenye shamba hununua seng'enge. Sisi seng'enge yetu hujilipia yenyewe.

Nami sina budi kukiri. Katika miaka yangu ya kwanza ya kazi, katika ofisi moja ambayo haina haja ya kutajwa, nilikuwa mmoja wa walioshika mafaili ya madai ya namna hii. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo kwa anayeliwa mazao na kwa familia ya anayeuawa, ambayo kwa mauti ilikuwa shilingi 1,000,000. Malipo hayo hayakuitwa fidia. Yaliitwa kifuta jasho na kifuta machozi, na jina limechaguliwa kwa makini, kwa kuwa fidia ni haki na kifuta machozi ni huruma. Fomu zilitaka picha, vipimo vya shamba, mihuri ya kijiji na kata. Zilizopungukiwa muhuri nilizirudisha. Siku moja mama mmoja aliyefiwa na mumewe alikuja kwa mara ya tatu. Nilimweleza upungufu kwa adabu zote za utumishi. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa huyo simba nimdai muhuri?" Aliondoka. Sikumbuki kama alirudi. Hilo la kutokumbuka ndilo linalonisumbua kuliko yote.

Ramani ya sasa

Mwenzetu asimpe bwana mkubwa wake ramani ya zamani. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini na kati ya Selous, kilomita za mraba zipatazo 30,893, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda. Beho Beho na kaburi la Selous sasa liko ndani ya hifadhi yenye jina la Mwalimu. Jina la Selous limebaki kwa pori la akiba lililobakia, ambalo liko chini ya mamlaka iitwayo TAWA. Katika korongo la Stiegler pamejengwa bwawa la umeme la megawati 2,115. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022 na kutoa umeme mwaka 2024. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo mafuriko yaliingia Rufiji na Kibiti, na mashamba mengi ya bondeni yakazama. Mto uliochora mipaka ya wanyama na ya watu umepata bwana mpya, na bado tunajifunza tabia zake.

Iko pia ardhi ya vijiji. Ngarambe na Tapika, vijiji vinavyopakana na pori, vilitenga sehemu ya ardhi yao wenyewe kuwa eneo la wanyamapori chini ya jumuiya yao iitwayo MUNGATA. Hapo mwindaji anapokuja, kijiji nacho huwa na sehemu ya mapato. Sisemi kwamba mambo yote yamenyooka. Mahesabu ya vijiji huleta maneno kila mahali, na mimi ni mtumishi wa Serikali, nayajua. Lakini tazameni jina: Ngarambe, kijiji cha Kinjeketile. Mahali ambapo mababu walikataa kulima shamba la mtu mwingine, wajukuu wamejaribu kuwa na pori ambalo si Shamba la Bibi.

Jibu langu

Basi barua nimeijibu hivi.

Kama anataka nyumbu na swala katika mbuga iliyo wazi, macho yaone mbali, aende nchi ya Wamasai au Maswa. Kama anataka vinamasi, Moyowosi. Kama anataka miombo mikubwa, palahala, kongoni na nyati, na kutembea kwa miguu kutwa nzima bila kuona njia ya gari, aje Kusini. Aje baada ya Julai mosi msimu unapofunguliwa, majani yakiwa yameanza kukauka, asije masika kwani hatatoka. Lakini kabla ya kuweka saini, aulize maswali matatu. Kitalu hiki kinapakana na kijiji gani? Kijiji hicho kinapata nini mimi nikipiga mnyama, na nyama yake anakula nani? Na kampuni hii usiku wa mavuno iko wapi, kambini au madunguni?

Kampuni ikishindwa kujibu, atafute nyingine.

Nikaongeza jambo moja. Safari yake ikiisha, abaki usiku mmoja katika dungu na mzee yeyote wa bondeni, na kwa idhini ya bwana nyama apige nguruwe. Hatapata pembe ya kutundika ukutani. Atapata shukrani ya mtu aliyelala mpaka asubuhi kwa mara ya kwanza tangu mpunga uanze kuchanua. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka 120 mgeni amekuja. Sehemu ya pili ya methali ndiyo iliyobaki kutimizwa.

Na kwenu wahitimu wenzangu nina ombi. Wazee waliohamishwa mwaka 1968 sasa ni wachache, na wa Liwale ya miaka ya 1940 wamekwisha. Kila mmoja wetu atakapokwenda nyumbani likizo hii, na achukue daftari amwulize mzee mmoja tu: dungu lenu lilikuwa wapi, na kabla yake mji wenu ulikuwa wapi? Aandike majina ya mahali, na miembe. Tukiyakusanya katika toleo lijalo tutakuwa na ramani ambayo haijapata kuchorwa. Mimi nitaanza na mjomba. Nimekwisha kununua daftari.